Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuhamisha JIT yako kutoka MCJIT hadi ORC bila kuvunja mradi mzima

Ukurasa huu ni wa wanaotunza mradi wenye JIT ya LLVM (mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila) ndani yake: lugha ndogo ya programu, injini ya hifadhidata, kikokotoo cha fomula, chochote kinachozalisha msimbo wa mashine programu ikiwa inaendelea kukimbia. Hiyo ndiyo maana ya JIT; MCJIT ni kizazi cha zamani cha JIT ya LLVM, na ORC ni cha sasa. Majina ya klasi na fanksheni yameachwa kama yalivyo kwenye msimbo, kwa sababu ndiyo utakayoyatafuta.

Bakendi ya JIT inafanya kazi gani hasa?

Inapokea IR (msimbo wa kati wa LLVM, kabla haujawa wa mashine), inaigeuza kuwa msimbo wa mashine, inautafutia nafasi kwenye kumbukumbu, inaunganisha marejeo yote ya nje, kisha inakukabidhi anwani ya kuita. Kompaila ya kawaida huishia kwenye faili la obijekti. Yanayofuata ni shughuli ya linka na mfumo endeshi. JIT haina wa kumwachia. Ndiyo maana violesura vyake huchafuka upesi: swali la nani anamiliki kumbukumbu, alama (jina la fanksheni au kigezo) inapata anwani lini, na nani anafuta nini, yote yanaangukia mlangoni kwake.

Kwa nini LLVM imebadilisha violesura vya JIT mara nyingi hivi?

Kila kizazi kilitatua tatizo la kilichotangulia na kuleta la kwake.

JIT ya kwanza kabisa iliandika baiti moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kwa njia yake yenyewe, mbali na njia iliyotumika kutoa faili za asembli na obijekti. Kila aina ya prosesa ikawa na njia mbili za kutunzwa. Agizo jipya likiongezwa upande mmoja, upande wa pili unabaki unadai. MCJIT ilifuta njia hiyo ya pili: inatoa faili kamili la obijekti ndani ya kumbukumbu kupitia tabaka la MC, lile lile la asembla, halafu RuntimeDyld inalipakia na kulirekebisha anwani. JIT ya zamani iliondolewa kwenye LLVM 3.6, mwaka 2015.

Watunzaji walipumua, watumiaji hawakufurahi sana. MCJIT hukompaili moduli nzima kwa mkupuo, na ukishaita `finalizeObject` moduli ile haiguswi tena. Uwezo wa kukompaili fanksheni moja moja, pale tu inapoitwa, ulipotea. ORC, iliyoanza kutoka na LLVM 3.7 mwaka huo huo wa 2015, ilikuja kuurudisha kwa kuigawa JIT katika matabaka yanayopangwa juu ya mengine: la kubadilisha IR, la kukompaili, la kuunganisha. Unachukua unayoyahitaji.

Lakini ORC hiyo ya kwanza haikufikiria nyuzi (threads) nyingi. Kuanzia LLVM 7 kazi ikahamia kwenye ORCv2, ambayo imejengwa kwa ajili ya kukompaili sambamba. Matabaka ya zamani yalibandikwa kiambishi cha `Legacy` kwenye LLVM 8, yakaanza kutoa maonyo kwenye LLVM 9, na LLVM 12 ikayaondoa. Tangu hapo ukisikia ORC, ni ORCv2.

Nianzie wapi?

Usianzie ORC. Najua ndiyo iliyokuleta hapa, lakini ukiingia kubadilisha injini wakati miito ya `ExecutionEngine` (klasi ambayo MCJIT huitwa kupitia kwake) imetapakaa kwenye faili ishirini za mradi, utabadilisha mambo mawili kwa pamoja na hutajua lipi limevunja lipi.

Anza kwa kuizungushia JIT uliyonayo kiolesura chako mwenyewe, chembamba, bila kubadilisha tabia yoyote. Kitu cha namna hii:

```
class Bakendi {
public:
  Jibu<Kitambulisho> ongeza(Moduli m);
  Jibu<Anwani> tafuta(Kitambulisho k, std::string_view jina);
  Jibu<void> ondoa(Kitambulisho k);
};
```

Fanksheni tatu. Hakuna jina la LLVM linalochungulia hapo, na hilo ndilo lengo. Ndani yake bado kuna MCJIT ile ile, majaribio yanapita kama jana, na unaweza kuingiza mabadiliko haya kwenye tawi kuu bila kumwomba mtu ruhusa ya kusimamisha kazi. Ukimaliza, pitisha `grep` ya `llvm/ExecutionEngine` kwenye mradi mzima. Ikionekana kwenye faili zaidi ya moja, hujamaliza.

Fanksheni tatu zinatosha kweli?

PostgreSQL inaishi na tatu. JIT iliingia kwenye toleo la 11 mwaka 2018, ikawashwa bila kuombwa kuanzia toleo la 12, na tangu mwanzo LLVM iliwekwa kwenye maktaba ya pembeni inayopakiwa ikihitajika tu. Kati ya hifadhidata na maktaba hiyo kuna `JitProviderCallbacks`, yenye vitu vitatu: `compile_expr`, `release_context` na `reset_after_error`. Basi.

Kitazame hicho cha tatu. Waliokibuni walijua kwamba hoja (query) inaweza kukatika katikati ya kukompaili, na kwamba LLVM inaweza kubaki katika hali isiyoeleweka. Badala ya kutawanya usafi huo kila mahali, waliupa mlango wake. Kwa maoni yangu ubora wa kiolesura cha JIT unaonekana hapo: mambo yanapoharibika na wakati wa kuachilia. Upande wa kukompaili kila mtu anaupatia.

Ukifungua faili la `llvmjit.c` la mradi huo utakuta limejaa masharti ya `LLVM_VERSION_MAJOR`. Si pazuri kupatazama, ila uchafu umekaa chumba kimoja. LLVM hutoa toleo kubwa takriban kila miezi sita na haiahidi kwamba API zake za C++ zitabaki zilivyo, kwa hiyo chumba hicho utakihitaji na wewe.

Kwa nini programu inakufa nikihifadhi `Function*` baada ya kuikabidhi moduli?

Kwa sababu moduli si yako tena. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika kuhama, na ndilo linalokula muda wa watu wengi.

Enzi za MCJIT ilizoeleka kuweka `Function*` kwenye jedwali lako na kuuliza baadaye, `getPointerToFunction(F)`. Mtindo ulifanya kazi kwa sababu IR ilibaki hai ndani ya injini. Kwenye ORC unaifunga moduli ndani ya `ThreadSafeModule`, unaikabidhi kwa `std::move`, na kuanzia hapo JIT ina haki ya kuibadilisha, kuikompaili kwenye uzi mwingine, na kuitupa IR ikimaliza. Pointa uliyobaki nayo ni ufunguo wa nyumba uliyokwisha kuihama: siku nyingine mlango utafunguka, siku nyingine utamkuta mwenyeji mpya.

Kinachovuka mpaka wa bakendi kiwe jina wakati wa kuingia na anwani wakati wa kutoka. Fanya badiliko hili ukiwa bado kwenye MCJIT, kwa kutumia `getFunctionAddress` inayopokea jina. Miradi mingi inagundua hapa kwamba majina yake hayana upekee: fanksheni zote zinaitwa `expr` au `tmp`, na kilichozitofautisha ni pointa. Zipe majina ya kweli sasa. Ukiacha hadi ORC, `JITDylib` itakukatalia kwa kosa la ufafanuzi kurudiwa.

`JITDylib` ni nini, na ninahitaji ngapi?

Ni maktaba shirikishi isiyokuwa na faili. Ina alama zake, ina orodha ya maktaba nyingine za kutafutia alama ambazo yenyewe haina, na sheria zake zimeigwa kwa makusudi kutoka kwa linka za kawaida. Kama unaelewa `dlopen` na mpangilio wa utafutaji wa alama, umeshaelewa nusu.

Wengi wanahitaji moja au mbili. Moja kwa msimbo wa kudumu wa lugha yako, nyingine kwa msimbo wa mtumiaji. Usiunde moja kwa kila fanksheni. Kwa kufuta vipande vidogo kuna chombo kingine, kinafuata hapa chini.

Nafutaje msimbo uliokwisha kutumika?

Kwa `ResourceTracker`, iliyokuja na LLVM 12. Unaunda moja kutoka kwenye `JITDylib`, unaitaja unapoongeza moduli, na siku ukiita `remove()` vinaondoka vyote vilivyoongezwa kwa jina lake: alama, kumbukumbu, taarifa za dibaga. Ule `Kitambulisho` wa kwenye kiolesura chetu, kwa upande wa ORC, ni hiyo hiyo tu imevaa koti.

Fikiria ganda la amri ambapo mtumiaji anaandika `2 + 3` na kubonyeza enta. Unaifunga hesabu hiyo ndani ya fanksheni isiyo na jina la maana, unaiongeza chini ya `ResourceTracker` mpya, unaitafuta, unaiita, unachapisha 5, unaondoa. Mstari unaofuata unaweza kutumia jina lile lile. Mafunzo ya Kaleidoscope yanayokuja na LLVM hufanya hivi kwa `__anon_expr`.

Tahadhari moja. `remove()` haijui kama kuna uzi uliomo ndani ya fanksheni hiyo wakati huo. Kuhesabu walio ndani ni kazi yako, na hesabu hiyo ikae ndani ya bakendi, maana mwitaji ataisahau.

Tumehama, alama za programu yetu wenyewe hazionekani. Mbona MCJIT ilizipata?

MCJIT ilichungulia mchakato mzima bila kuuliza. ORC inataka useme. Ongeza `DynamicLibrarySearchGenerator::GetForCurrentProcess` kwenye `JITDylib`. Matoleo ya karibuni ya `LLJIT`, JIT ya ORC iliyokwisha kupangwa tayari, yana chaguo la kukufanyia.

Njia ninayoipendelea ni nyingine: orodhesha kwa mkono fanksheni za mfumo wako ambazo msimbo wa JIT unaruhusiwa kuita, na uzisajili kwa `absoluteSymbols`. Orodha ya mistari arobaini inachosha kuiandika, lakini inakuwa mkataba unaosomeka, na msimbo uliozalishwa vibaya hauwezi kujikuta unaita `system`. Kwenye Linux inakuepusha pia na mkanganyiko wa programu kuu isiyotoa alama zake nje kwa sababu haikuunganishwa na `-rdynamic`.

Kwenye macOS majina yana mstari wa chini mbele. `LLJIT::lookup` inakuwekea, ukishuka hadi `ExecutionSession` unaweka mwenyewe.

Mistari ya kutafuta anwani inabadilika kila toleo. Ipi ni sahihi?

Zote, kila moja kwa enzi yake:

```
// hadi LLVM 14
auto *Fn = (double (*)())(intptr_t)Sym->getAddress();
// LLVM 15 na kuendelea
auto *Fn = Sym->toPtr<double (*)()>();
```

Badiliko hili si la urembo. Aina ya `ExecutorAddr` inakumbusha kwamba anwani ni ya mchakato unaokimbiza msimbo, ambao kwenye ORC unaweza kuwa mchakato mwingine kabisa, hata mashine nyingine. Namba tupu haikusema hivyo, na watu waliibadilisha kuwa pointa papo hapo bila kufikiri.

Ukiwa kwenye chumba hicho hicho, shughulikia pointa zisizo na aina. Zilikuwa chaguo la kawaida kwenye LLVM 15, na 17 ikaondoa za zamani. Kwa wanaotumia API ya C maana yake ni `LLVMBuildCall2` na `LLVMBuildLoad2`, ambazo zinadai utaje aina mwenyewe. Mradi uliozoea kuuliza pointa "unaelekeza kwenye nini?" utalazimika kubeba jibu hilo kwenye miundo yake.

Na `PassManagerBuilder` ya API ya C nayo iliondoka kwenye 17. Tumia `LLVMRunPasses`, ipo tangu 13.

JITLink au RuntimeDyld?

Zote ni linka za ndani ya JIT: RuntimeDyld ya enzi za MCJIT, JITLink mpya zaidi. Chagua JITLink, kama prosesa na mfumo wako vinaungwa mkono. Sababu ni umbali.

Maagizo ya prosesa hayafiki popote upendapo. Kwenye AArch64 mruko wa moja kwa moja unafika MB 128 mbele au nyuma. Kwenye x86-64 ni GB 2. RuntimeDyld inaweza kuomba kumbukumbu ya sehemu moja hapa na ya nyingine kule mbali, kisha marejeo kati yake hayafiki. Kwenye kompyuta ya majaribio kila kitu kiko karibu, unapita. Kwenye seva yenye kumbukumbu kubwa mchakato unakufa bila maelezo. PostgreSQL ilikumbana na hili kwenye mashine za ARM, ikabidi ibebe ndani yake msimamizi wa kumbukumbu anayetenga sehemu zote pamoja. JITLink hutenga kwa pamoja tangu mwanzo, na panapohitajika huweka vituo vya kurukia.

Je, niwashe kukompaili kwa nyuzi nyingi?

Mwisho kabisa. Kitaalamu ni mstari mmoja, `setNumCompileThreads`, lakini moduli zinazotumia `LLVMContext` moja zinagombania kufuli moja, kwa hiyo mstari huo peke yake hautakupa kasi yoyote. Unahitaji kila moduli, au kila kundi, liwe na `ThreadSafeContext` yake. Hiyo inamaanisha kwamba frontendi yako (sehemu inayosoma lugha na kuzalisha IR) haiwezi tena kuweka aina za LLVM kwenye vigezo vya dunia nzima (global variables). Kama zimo humo, na mara nyingi zimo, hiyo ni kazi nyingine ya kupanga upya inayojitegemea.

Makosa yanashughulikiwaje?

Fanksheni za ORC hurudisha `Error` au `Expected`, na LLVM iliyojengwa na ukaguzi wake itaua programu ikikuta moja ambayo hukuiangalia. Mafunzo mengi yanatumia `cantFail` kila mahali. Kwenye mafunzo inafaa. Kwenye bakendi, geuza kila `Error` kuwa kosa la mradi wako pale pale mpakani, kwa `toString`, kabla halijapotea.

Kwenye Mac za Apple Silicon msimbo unakataa kuandikwa. Kwa nini?

Ukurasa wa kumbukumbu hauruhusiwi kuandikika na kukimbizika kwa wakati mmoja. Kumbukumbu iombwe kwa `MAP_JIT`, na uzi ubadilishe hali yake kwa `pthread_jit_write_protect_np`. Ukitumia msimamizi wa kumbukumbu wa LLVM huoni haya. Aliyeandika wa kwake ndiye atakayeyaona, pamoja na haja ya kusafisha kache ya maagizo, jambo ambalo x86 humsamehe mtu na ARM haimsamehe.

Nitajuaje kwamba kuhama hakujapunguza kasi?

Pima hatua kwa hatua, usipime jumla. Mfano mzuri wa kuiga ni `EXPLAIN ANALYZE` ya PostgreSQL, inayotenganisha muda wa kuzalisha IR, kuingiza fanksheni ndani ya nyingine, kuboresha, na kutoa msimbo. Kiolesura chako kirudishe takwimu kama hizo.

Kwenye ORC kuna mtego wa vipimo: kuongeza moduli hakukompaili chochote, kazi inafanyika `lookup` inapoitwa. Ukilinganisha muda wa `ongeza` wa zamani na mpya utadhani umepata muujiza. Pima kuanzia kuongeza hadi fanksheni kurudisha jibu lake la kwanza.

Ni vizuri pia kujiuliza kama kila kitu kinastahili kukompailiwa. PostgreSQL haigusi JIT hadi makadirio ya gharama ya hoja yavuke `jit_above_cost`, ambayo kwa kawaida ni 100000, na haiwashi uboreshaji mzito hadi 500000. Kizingiti hicho kiko nje ya bakendi, na ndipo kinapostahili kuwa.

Dibaga na `perf` (kipima kasi cha Linux) hazioni fanksheni zangu tena.

Hata zilipoziona mwanzoni haikuwa bahati. Kuna kitu kilizisajili, na hukukihamisha. GDB, dibaga, husikiliza `__jit_debug_register_code`. `Perf` inataka faili la jitdump, kisha `perf inject --jit`. Yaweke kama chaguo la wakati wa kuunda bakendi, yawe yamezimwa kwa kawaida.

Kwa nini nisiachane na LLVM moja kwa moja?

Huenda ukapaswa. WebKit, injini ya kivinjari cha Safari, ilitumia LLVM kwenye ngazi ya juu kabisa ya JIT yake ya JavaScript, kisha mwaka 2016 ikaibadilisha na bakendi yake yenyewe, B3, hasa kwa sababu ya muda wa kukompaili. Wasmtime, kiendeshi cha WebAssembly, inatumia Cranelift, kizalishaji kingine cha msimbo. CPython 3.13 ya mwaka 2024 imeleta JIT ya majaribio ambayo LLVM inahitajika wakati wa kuijenga Python tu: vipande vya msimbo wa mashine vinaandaliwa mapema, na wakati wa kukimbia vinanakiliwa na kujazwa anwani.

Kama msimbo wako unaishi sekunde chache, LLVM ni nzito. Kama unaishi saa nzima ukizungusha namba, ni vigumu kuishinda. Ukiwa na zile fanksheni tatu mpakani, unaweza kujaribu bakendi ya pili pembeni na kuzilinganisha kwa mzigo wako halisi, bila kugusa frontendi.

Msimbo wa MCJIT niufute lini?

Ziache MCJIT na ORC zote mbili nyuma ya kiolesura kimoja kwa toleo moja la mradi wako, na uendeshe majaribio yale yale juu ya kila moja. Tofauti zikikoma kutokea, ifute MCJIT, tena siku hiyo hiyo, pamoja na makro za `#if` zilizoihudumia na mistari yake kwenye CMake.